Nilivyotengeneza basi la wapinzani siku timu yangu ilikuwa inapigania kubaki ligi kuu

Wakuu, salamu kutoka Maungu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, karibu miaka minne sasa. Nasoma nyuzi zenu za ndoa na biashara, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo wacha na mimi nitoe changu. Haya mambo yalinipata mimi mwenyewe na nitayasema vile yalivyokuwa, hata pale ambapo sikung'aa. Mke wangu ameketi hapa kando na anasoma kila mstari. Nikijipendelea atanisahihisha.

Timu sitazitaja majina. Moja ni ya Pwani, ndiyo yangu. Nyingine ni ya bara. Wenye kujua watajua, wengine shikeni hivyo tu.

Mimi ni fundi wa magari makubwa. Jina ni Mwadime. Gereji yangu iko hapa Maungu, kando ya highway ukitoka Voi kuelekea Mombasa, na madereva wengi wa malori wananijua. Nyumbani kwetu ni juu milimani kwenye baridi, lakini kazi ilinishusha hapa kwenye jua na vumbi, nikazoea.

Na mimi ni shabiki wa ligi kuu ya hapa nyumbani.

Najua kuna wenye wameshaanza kutabasamu. Nyinyi ni watu wa ligi ya Uingereza, mnajua mpaka straika wa kule anafuga mbwa gani. Mimi nafuata timu ambayo ikicheza kwa TV kamera ni moja, na anayeishika unamsikia akiagiza chai. Baba alinipeleka uwanjani mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu. Tulifungwa tatu bila. Sijui ni nini kilinirudisha, lakini nilirudi.

Sasa tuje kwa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumapili, mechi ya mwisho ya msimu. Sisi wa Pwani tulikuwa wa tatu kutoka mkiani. Hesabu ilikuwa rahisi: tukishinda tunabaki ligi kuu. Tukitoka sare au tukifungwa, tunaenda playoff na timu ya daraja la chini, na huko lolote linaweza kutokea.

Tulikuwa tunacheza nyumbani Mombasa na hiyo timu ya bara. Wao walikuwa katikati ya jedwali, hawashuki, hawachukui kombe. Wanakuja kutembea tu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Mimi na wenzangu wa Voi tulikuwa tumepanga safari. Kyalo, rafiki yangu mwenye kinyozi pale Voi na mwenyekiti wa mashabiki wa timu yetu kaunti nzima (tuko kama kumi na wanne), alikuwa amekodi Nissan, matatu ya watu kumi na wanne. Wangenipitia Maungu saa tano asubuhi. Mimi nilivaa jezi mapema, nikapiga ovaroli juu yake, nikafungua gereji nimalizie brake za lori moja kabla hawajafika.

Saa nne hivi nikasikia basi linaingia likipumua vibaya. Moshi mweupe mbele, maji yanatiririka chini.

Nikatazama ubavuni. Nikasoma jina la timu.

Wakuu, ile timu ya bara. Wachezaji wote ndani, wamevaa tracksuit.

Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wamelala Voi kwa sababu Mombasa vyumba ni ghali, wakaamua kumalizia safari asubuhi. Hawakufika mbali.

Dereva alishuka wa kwanza. Mzee Otieno, mtu wa makamo, mpole, anavaa kofia ya sufu hata kwenye joto la kwetu. Tulikuwa tunajuana. Zamani akiendesha lori alishawahi kulala hapa kwangu siku mbili kwa ajili ya gearbox. Nyuma yake akashuka mwanamke mrefu mwenye faili mkononi.

"Fundi, mimi ni Nduta, meneja wa timu," akasema. "Tuna mechi saa tisa. Tuko na shida gani?"

Nikafungua bonnet. Shida ilijionyesha yenyewe. Ile pipe kubwa ya juu ya rejeta ilikuwa imepasuka kwa urefu, huwezi kuifunga hata na waya.

"Ni pipe," nikamwambia. "Engine ikipoa kidogo, hiyo ni kazi ya saa moja. Mradi pipe yenyewe ipatikane."

"Unayo?"

"Wacha niangalie."

Hapo nilikuwa nasema kweli kabisa. Nilikuwa naenda kuangalia. Sikuwa na wazo lolote baya, naapa.

Lakini kabla sijafika store, Nissan ya akina Kyalo ikaingia. Mapema kuliko tulivyopanga, kwa sababu hakuna aliyelala vizuri usiku ule. Walipoona ni basi la nani, gari lote likapiga kelele kama tumefunga goli. Wengine walitoa simu wakapiga picha. Mmoja alimwuliza kipa wao kama angependa waletewe mkeka wa kulalia.

Kyalo hakupiga kelele. Kyalo ni mtu wa mahesabu. Alishuka pole pole, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya tangi la maji.

"Mwadime, hiyo pipe unayo?"

Nikatazama mlango wa store.

"Unayo," akasema.

"Ninayo moja. Niliitoa kwa basi la aina hiyo hiyo lililofia hapa mwaka jana."

"Basi huna."

"Kyalo."

"Sikuambii uharibu gari la mtu. Sikuambii ulegeze nati. Sema huna, basi. Fundi kukosa spea siku ya Jumapili ni ajabu gani? Wasipofika uwanjani ni walkover. Pointi tatu. Tunabaki ligi. Hakuna mtu ameumia."

Nikamwambia watakodi gari Voi.

"Wajaribu," akasema. "Kuna harusi kubwa Wundanyi leo. Hii yenyewe nimeipata kwa kupigania."

Na kweli, Madam Nduta alikuwa kwa simu akipiga Voi, kila sacco ya matatu inamwambia magari yamepanda Wundanyi. Yanayopita barabarani yalikuwa yamejaa. Maduka ya spea nayo Voi yalikuwa yamefungwa, wenyewe wako kanisani. Kuna wakati alimwendea Kyalo mwenyewe akamwuliza kama Nissan yake inaweza kubeba wachezaji kumi na mmoja. Kyalo alimjibu kwa heshima sana kwamba angependa kusaidia lakini gari limejaa. Lilikuwa na viti vitatu vitupu, kimoja changu.

Nikaingia store. Pipe ilikuwa hapo ukutani, imening'inia kwa msumari, mbele ya macho.

Nilisimama mbele yake muda ambao siwezi kuwaambia ni dakika ngapi. Niliwaza ile tatu bila ya darasa la tatu. Niliwaza vile playoff huwa. Niliwaza Kyalo na wenzake kumi nje, wananingoja.

Nikatoka. Nikamwambia Madam Nduta, "Samahani, hii size sina. Labda itoke Mombasa."

Wakuu, hapo ndipo sikung'aa. Nimeandika mwenyewe, hakuna aliyenishikia bunduki.

Madam alipogeuka, Kyalo alinipiga bega. "Panda twende."

Nikamwambia watangulie. Nifunge gereji kwanza, nitawafuata na gari lingine. Sikuwa na mpango wowote, miguu tu ilikataa kuingia kwenye ile Nissan. Wakaondoka wakiimba.

Madam Nduta hakulia wala hakugomba. Aliketi juu ya tairi kuukuu, akafungua faili lake, akaanza kuandika kitu. Nadhani ningepata nafuu kama angenitukana.

Wachezaji walikuwa wametawanyika kwenye kivuli chochote walichopata. Mke wangu, Mama Wakesho, ana kibanda cha chapati na maharagwe pale pale mbele ya gereji. Yeye mpira haumhusu hata kidogo. Alichoona ni vijana ishirini wenye njaa siku ambayo kwa kawaida huuza sahani tano. Akawasha jiko la pili.

(Anasema niandike kwamba maharagwe yalikuwa na nazi. Yalikuwa na nazi.)

Mzee Otieno alikuja akasimama karibu na mimi, tukatazama barabara.

"Unajua shida ya hawa?" akaniambia. "Msimu huu wameshakosa mechi mbili, mara gari halina mafuta, mara wachezaji wamegoma. Kanuni inasema ukikosa ya tatu unashushwa, hata ungekuwa na pointi mia. Huyu madam amekimbia wiki nzima kutafuta hii safari."

Sikuwa najua hilo. Nilidhani wanakuja kutembea.

Kisha Madam Nduta akamwuliza kwa mbali, "Mzee, hakuna fundi mwingine hapa tumjaribu?"

Mzee Otieno akamjibu bila haraka, "Madam, huyu namjua miaka mingi. Kama Mwadime amesema hana, basi hana. Huyu si mtu wa kudanganya."

Sijawahi kusifiwa vibaya namna hiyo maishani mwangu.

Nikakaa kama dakika mbili nikijifanya nasafisha spana. Nikatazama saa. Nikamtazama yule madam kwenye tairi. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, "Wacha niangalie tena. Kuna mahali sikuangalia vizuri."

Nikaingia, nikagonga gonga mabati ili isikike kama natafuta, nikatoka na pipe.

"Ilikuwa nyuma ya betri," nikasema. Hakuna aliyeniuliza ilikuwa wapi.

Sasa kazi ikaanza. Engine bado ilikuwa moto, jua la saa tano liko juu, na mimi nimevaa nguo mbili. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Ovaroli nilikuwa nimeifunga zipu mpaka shingoni, kwa sababu mnazozijua. Nikajipenyeza chini kufungua drain ya maji ya rejeta, nikajivuta kutoka mgongo chini, zipu ikashika chuma.

Niliposimama, ovaroli ilikuwa wazi mpaka kiunoni. Jezi ya timu yangu yote nje, na ngao ya klabu kifuani.

Yule kipa wao alikuwa ananishikia tochi. Akaishusha taratibu.

"Tumekwisha," akawaambia wenzake.

Maneno yakaanza. Mmoja akasema kila nati ikaguliwe upya. Mwingine akasema afadhali wasukume basi mpaka Mombasa kuliko kupanda gari lililoguswa na mimi. Sikuweza kuwalaumu. Saa moja nyuma wangekuwa sahihi.

Madam Nduta alikuja akaniangalia. Akaangalia jezi. Akaangalia pipe mkononi mwangu.

"Fundi, ulikuwa unaenda mechi?"

"Ndiyo, madam."

"Na mkishinda leo mnabaki?"

"Ndiyo."

"Na tusipofika?"

"Tunabaki pia."

Akafunga faili lake. Kisha akamwambia kipa wake, "Mshikie tochi vizuri. Mtu ambaye hataki tufike asingetoa pipe."

Nilifunga ile pipe kama nafunga ya rais. Klipu mbili kila upande badala ya moja. Nikajaza maji, nikawasha, nikaiacha inguruma, nikatazama kila kiungo. Hakuna tone. Nikaangalia na fan belt, ambayo hata hawakuniuliza, nikaikaza.

Nikiri kitu kimoja. Nikiwa pale juu ya engine nilikuwa nachungulia kibanda cha Mama Wakesho. Wale vijana walikuwa wanakula kweli kweli. Kulikuwa na beki mmoja mrefu, alikuwa kwenye chapati ya nne na bado anaomba supu iongezwe. Nikasema moyoni, kula ndugu yangu, ongeza, usiwe na haraka. Gari nimetengeneza, lakini matumbo si kazi yangu.

Saa sita na robo walikuwa tayari. Madam Nduta alinishukuru kwa mkono. Mzee Otieno alibaki nyuma kidogo, akarekebisha kofia yake.

"Ile pipe," akaniambia, "niliiona ukutani nilipokuja kuomba maji ya kunywa. Kabla hujasema huna."

Nikapangusa mikono kwa ovaroli.

"Nilijua utaikumbuka," akasema, akapanda gari.

Mimi mechi sikuifikia. Niliketi kwa kibanda cha mke wangu na redio ndogo. Mtangazaji akasema wageni wamefika uwanjani dakika kumi na tano kabla ya mchezo, wengine wanavaa viatu wakitembea. Nikasema sawa, miguu imekakamaa, matumbo yamejaa, tutawamaliza mapema.

Kipindi cha kwanza tulipiga mwamba mara mbili. Cha pili tukakosa penalti. Halafu zikiwa zimebaki dakika chache wakapata kona, mpira ukaelea, mtu akaruka juu ya kila mtu akapiga kichwa. Goli. Mtangazaji akalisoma jina, kisha akaeleza: yule beki mrefu.

Mama Wakesho akaniuliza, "Si huyo ndiye wa chapati nne?"

Nikazima redio. Moja bila. Playoff.

Jioni Nissan ya Kyalo ilipita. Nilisimama kando ya barabara nijieleze. Haikusimama. Ilipunguza mwendo tu ili kila mmoja apate nafasi ya kunitazama.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Kwa group yetu ya mashabiki nilibadilishwa jina nikawa "Fundi wa Taifa". Nikienda Voi kununua spea, watu ambao hata mpira hawaangalii wananiuliza kama nina pipe. Nilienda kwa Kyalo kunyoa, akanifunga kitambaa shingoni, akanyoa upande mmoja, akazima mashine. Akaniambia anataka kusikia kwanza.

Nikamweleza yote. Nilivyodanganya, Mzee Otieno alivyosema, ile habari ya mechi ya tatu. Nusu ya kichwa changu imenyolewa, nusu bado, na watu wamekaa kwenye benchi wakisikiliza.

Kyalo akapuliza nywele kwenye mashine. Mwishowe akasema, "Kwa hivyo wangeshushwa wao."

"Eeh."

"Kwa pipe."

"Kwa pipe."

Akawasha mashine akamaliza upande wa pili. Hakusema amenisamehe. Alisema mechi za playoff nitakaa kiti cha nyuma kabisa cha Nissan, kile kisicho na dirisha. Nilikaa.

Kule ugenini tulitoka sare. Nyumbani tukashinda moja bila, goli baya kuliko yote niliyowahi kuona, mpira uligonga goti la mtu wetu aliyekuwa anageuka kuangalia refa. Tukabaki ligi kuu. Kyalo alinikumbatia kabla hajakumbuka kwamba bado ana hasira na mimi.

Sasa kuna kitu kilitokea mwanzoni mwa msimu huu, na ndicho kilichonifanya niandike.

Timu yangu ilikuwa inasafiri kwenda Nairobi. Tulijua ratiba, kwa hivyo nilisimama mbele ya gereji na jezi yangu, ovaroli nimeiacha ndani. Basi likaja. Nikapunga mikono yote miwili. Likapita kwa kasi, mapazia yamefungwa, nadhani walikuwa wamelala. Vumbi lote likanirudia.

Wiki mbili baadaye likapita lile la bara likienda Mombasa. Mzee Otieno akapiga honi tangu mbali, akapunguza mwendo, vijana wakatoa vichwa madirishani wananiita jina. Yule beki mrefu alimwuliza Mama Wakesho kwa sauti kama wakirudi watapata maharagwe.

Mke wangu akaniambia, "Si uhame timu tu. Hawa angalau wanakujua."

Nikamwambia haiwezekani. Akaniuliza kwa nini. Jibu natafuta mpaka leo.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo. Kwanza, ukitaka kudanganya kwamba huna spea, usiitundike ukutani. Pili, na hii nasema kwa dhati: siku ile ningepanda Nissan, tungebaki ligi kuu vile vile, na ningeimba pamoja na wenzangu. Lakini kila lori likisimama hapa na dereva akiniuliza "fundi, unayo?", ningejua jibu langu ni la bei gani. Napenda timu yangu kuliko vile inanipenda, hilo nimekubali. Kazi yangu sikutaka nayo iwe hivyo.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ungetoa pipe au ungepanda Nissan? Semeni ukweli, na wale wa ligi ya Uingereza pia mnaruhusiwa kuchangia, ila mtakaa kiti cha nyuma.